Bia Asiyoionja Mwalimu

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa hali keki za dukani, kwa sababu vanila huyeyushwa kwa spiriti. Kwenye harusi, sahani ikimfikia, aliinusa, akaipitisha kwa wa pembeni yake, na huyo wa pembeni akabaki na kipande mkononi hajui ale au asile. Alijipaka mafuta ya udi tu, manukato ya chupa hakuyataka. Akipewa dawa ya kikohozi, aliisoma ile karatasi ya ndani mpaka chini kabisa kabla ya kufungua kifuniko. Basi huyo huyo ndiye aliyekuwa akipika bia nyumbani kwake Hail, hapa Maskati, ukuta kwa ukuta na nyumba yetu, kwa miaka, na mimi nikienda kumsaidia.

Hakuwa akinywa. Sina budi kulisema hilo mwanzo, maana nawajua watu wetu. Tone moja halikupita kooni mwake. Bia ile ilikuwa ya mdogo wake, na hata kauli hiyo haijakaa sawa, kwa sababu mdogo wake mwenyewe hakuwa akijua kwamba anakunywa. Ilikuwa ya yule pepo aliyekuwa akija kumkalia mdogo wake, ambaye ndani ya nyumba ile wakimwita Mzungu, basi. Mwalimu hakuolewa wala hakuzaa. Katika dunia hii alikuwa na mtu mmoja tu, mdogo wake, ambaye mtaa mzima tukimwita Bi Mdogo, na kila alilolifanya Mwalimu, la halali na la haramu, alilifanya asije akampoteza.

Darasani alikuwa kaa la moto. Alisomesha kwa Kiarabu fasaha, lakini akikasirika Kiswahili cha Unguja kilimtoka, na sisi tuliotoka majumba ya Kiswahili ndio tuliojua tunaambiwa nini. Wenzetu walidhani anatuombea dua. Hakuvumilia msichana aandike jawabu ambalo hakuliona kwa macho yake. "Msiamini rangi," alikuwa akisema, "rangi hudanganya. Fanyeni jaribio." Na la pili alilopenda kulisema ni kwamba kitu kisicho na harufu ndicho cha kuogopwa, chenye harufu kimeshakuaga kabla hakijakudhuru. Tulimwiga nyuma ya mgongo, tukavuta midomo kama yeye. Alijua, na siku moja alisimama mlangoni akatuacha tumalize mchezo wote, kisha akatusahihisha namna ya kuvuta mdomo.

Harufu ndiyo iliyonifikisha kwake. Wakati huo nimeshaanza kazi wizarani Khuwair lakini bado nalala kwetu, na mchana mmoja wa Ijumaa mama yangu aliingiwa na wasiwasi kwamba jirani gesi inavuja. Ilikuwa harufu ya uji ulioungua kidogo, na majani mabichi, na kitu chengine kikali kilichokaa nyuma ya pua. Nikaenda kugonga. Mwalimu alifungua mlango kiasi cha uso wake, kanga imefungwa kiunoni, jasho linamtiririka, akaniambia anapika siki. Mwanamke aliyewahi kunitoa maabara kwa jawabu moja la kubuni. Nilimwambia, kwa adabu, kwamba siki haichemshwi na majani. Akasogea pembeni.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema. "Ingia basi, uwe kata."

Chumba cha wageni wa kiume, ambacho nyumba zetu zote zinacho karibu na mlango, katika nyumba ile isiyo na mwanamume kilikuwa hakina mtu wa kukikalia. Mwalimu alikipa mmea. Ulikuwa mtambaazi wenye majani yaliyochongoka, umepanda kwenye kamba kutoka pipa la udongo mpaka dari, ukatambaa juu ya pazia, ukaizunguka feni ambayo haikuwashwa tena kwa ajili hiyo. Unaitwa hopsi. Maua yake, yaliyokaa kama koni ndogo ndogo za karatasi ya kijani, yana unga wa manjano ndani, na unga huo ndio unaoipa bia uchungu wake. Waarabu huuita hashishat-dinar, jina ambalo mama yangu, aliposikia hashishi ndani yake, aliomba nilitamke taratibu na nifunge dirisha kwanza. Kipande cha mzizi aliletewa na mwanafunzi wake mmoja aliyekuwa akisoma Uingereza, ndani ya soksi, akiamini ni kwa ajili ya somo.

Ni mmea wa nchi za baridi, Maskati si kwao. Mwalimu aliudanganya. Aliuwashia taa mpaka usiku ili udhani mchana ni mrefu, kisha akapunguza saa za kuwaka ili udhani kiangazi chao kinaisha, ndipo ukatoa maua. Na ulipokwisha kuvunwa aliukata, akaung'oa mzizi, akautia kwenye mfuko na kuulaza ndani ya friji la zamani, ili uamini kumeanguka theluji. Huku nje lami inayeyuka. Akiulizwa vipi mmea unakubali uongo wa namna hiyo, alijibu kwamba kila kilicho hai huamini kinachokizunguka.

Sikuupenda mmea ule tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Majani yake na mashina yana vinywele vinavyokwaruza ngozi kama ulimi wa paka. Halafu unakwenda. Ncha yake ukiiacha hapa saa ya adhuhuri, alasiri huikuti, imeshazunguka kamba inayofuata, siku zote kwa upande mmoja, haikosei. Mwalimu alinieleza kwamba wa kike ndio unaozaa maua yanayotakiwa, dume hung'olewa, na alilisema hilo kwa furaha ndogo ya mwanamke aliyekaa bila ya mume maisha yake yote. Mchana mmoja tulimkuta Bi Mdogo amelala usingizi juu ya mkeka mle ndani, kwa sababu chumba kile ndicho kilichokuwa na baridi nzuri, mkono ameunyoosha. Ncha ilikuwa imeshakipata kidole chake cha shahada na kukizunguka. Mwalimu aliufungua polepole bila ya kuukata, akaurudisha kwenye kamba, akaniambia nisimwambie mdogo wake.

Bi Mdogo alikuwa kinyume cha dada yake kwa kila kitu. Mpole, mchekeshaji, mpenda keki. Alishona kofia za mkono, zile zetu zinazotobolewa vitundu na kuzungushwa uzi kila kitundu, na macho yake yalikuwa hayajachoka. Alikaa chini, kitini hakutaka, akisema kiti kinamning'iniza. Mzungu alimrithi kwa mama yao. Kwa mila ya kule walikotoka, mtu anayekaliwa na pepo huitwa kiti, na kiti akifa pepo hutafuta kiti chengine katika damu ile ile. Mama yao alipofariki Unguja, Mzungu aliwapitia mabinti wawili, akamwacha mkubwa, akamchukua mdogo. Wako pepo wanaotaka ubani, wako wanaotaka damu ya mbuzi, wako wanaotaka asali. Huyu alitaka meza, kitambaa cheupe, glasi safi na bia chungu, mara moja kwa mwezi. Akipata, anaondoka kwa heshima. Akikosa, Bi Mdogo haamki sawasawa.

Siku ya kwanza kumwona nilikuwa nimekaa na Bi Mdogo tunazungumza habari za harusi ya watu. Alasiri imeshaswaliwa. Sindano ikasimama katikati ya kitundu. Akanyoosha mgongo, akatazama huku na huku kama mgeni aliyeshushwa nyumba siyo, akaniuliza kiti kiko wapi. Nilitarajia sauti nzito ya kutisha kama wanavyosimulia watu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa sauti ya Bi Mdogo ile ile, ila imeondolewa upole. Alikaa kitini, akakunja mguu juu ya mguu, na Mwalimu akaleta glasi kwa mikono miwili, kisha akasimama pembeni na mikono mbele, vile tulivyosimama sisi mbele yake. Mzungu alikunywa taratibu bila ya kufumba macho. Alipomaliza alisema, "Afadhali." Baada ya kitambo Bi Mdogo alikuwa chini mkekani, sindano inaendelea kwenye kitundu kile kile, anauliza tulifika wapi na bi harusi. Niliinama kumbusu mkono ili nimnuse pumzi. Alinuka karafuu tu.

Niliogopa, na usiku ule sikulala. Lakini nilirudi, kwa sababu Mwalimu alinihitaji, na kuhitajiwa na mtu aliyekuwa akikuogopesha ukiwa mtoto ni jambo tamu.

Bia ya dukani Mwalimu hakuitaka. Maduka yake yapo, ya wenye kibali na wasiokuwa Waislamu, na wengi wetu tunajua nani humtuma nani. Mwalimu alisema hatomfanya mtu wa dini nyingine ambebee dhambi yake kwenye mfuko mweusi. Kwanza alijaribu hila: alinunua kinywaji cha shayiri cha halali kule Hamriya, akakitia shubiri ili kiwe kichungu. Mzungu alikitema juu ya kitambaa cheupe, na Bi Mdogo alishinda siku kadhaa anachanganya majina ya watu. Ndipo Mwalimu alipofungua vitabu vyake. Aliroweka shayiri ikachipua, akaianika juu ya paa chini ya shuka ili kunguru wasiile. Akaitwanga, akaitia kwenye maji ya moto yasiyochemka, akaichuja, akayachemsha yale maji pamoja na maua ya hopsi, akayapoza haraka kwa barafu, kisha akatia hamira. Ndoo yenye kifuniko ikaachwa chumba cha nyuma, na mpira mwembamba ukitoka humo kuingia kwenye glasi ya maji. Kwa wiki mbili glasi ile ilitoa povu moja, ikanyamaza, ikatoa jengine. Ukikaa sebuleni mchana, nyumba kimya, ulisikia mtu anameza mate chumba cha nyuma. Nilizoea vingi pale, hilo sikulizoea.

Pishi la mwanzo, kabla sijamwona Mzungu kwa macho yangu, lilitoka zuri. Rangi ya kahawa ya maziwa, povu jeupe, harufu imetulia. Mwalimu alilipima kwa vyombo vyake vyote isipokuwa ulimi. Mzungu alikuja, akaiinua glasi, hata mdomoni hakuifikisha, akairudisha mezani.

"Hii imesomewa," alisema.

Mwalimu aliapa baada yake kwamba hakusoma kitu. Alikasirika kama mtu aliyesingiziwa wizi. Nikamwomba tulirudie pishi zima mbele yangu, na alipofika kwenye kutia hamira nilimsikia, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye masikio yake hayaisikii tena, "Bismillahi." Alikuwa akiitia kila mahala. Kwenye ufunguo, kwenye kijiko, kwenye jiwe la kutwangia, kwenye mshumaa wa gesi maabara. Umri mzima mdomo wake ulikuwa ukifanya kazi bila ya kumwuliza. Nilipomwambia alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bia ya pepo alikuwa akiianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na pepo akalijua bila ya kuambiwa.

Tulicheka siku ile mpaka tukashika mbavu, na kisha hatukucheka tena, kwa sababu ilibidi aache. Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Nilikaa jikoni nimtazame mdomo. Ukianza kutikisika nampiga begani. Pishi mbili zilimwagwa chooni kwa sababu nilichelewa. Mwisho aligundua njia yake mwenyewe: akijaza maji mdomoni kabla ya kugusa shayiri, akafanya kazi nzima mashavu yamevimba, mzee mzima mwenye shahada, kisha akatema, akatawadha, akaswali rakaa mbili na kulia ndani ya sijda. Nilimsikia kupitia mlango. Alikuwa akiomba radhi kwa kunyamaza, kwa bia hakuomba.

Mara moja nilimwuliza kama kweli anaamini mambo haya, yeye aliyetufundisha kufanya jaribio. Nilidhani nimemkamata.

"Kuamini ni kwa usichokiona," alinijibu. "Huyu nnamuona kila mwezi. Nimuamini ya nini?"

Alikuwa na msemo wa zamani aliojifariji nao, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Akiusema huku anachuma maua ya hopsi, unga wa manjano umemkaa kwenye kucha, nilikuwa natamani ausemee mahala pengine. Lakini miaka ile, kwa kweli, ilikuwa mizuri. Bi Mdogo alinenepa. Kofia zake zilivaliwa na maharusi. Mwalimu alistaafu, akawa anaendesha gari yake kwenye njia kuu polepole mno, wenye haraka wanampigia honi na yeye anawapungia mkono akidhani ni wanafunzi wake. Mara nyingi walikuwa ni wanafunzi wake kweli. Mimi niliolewa, nikahamia fleti ya Khuwair karibu na kazi, nikazaa, na bado kila mwezi nilikuwa nakwenda Hail kumtazama mdomo, ingawa alikuwa hanihitaji tena kwa hilo. Mume wangu anajua kwamba nilikuwa nikimsaidia jirani kupika siki.

Kisha Mwalimu akaenda Umra. Alirudi uso umetulia, akaniita, akaniambia ameacha. Alikuwa amesimama mbele ya Kaaba, akaona dua zote anazozijua zinamjia isipokuwa ile Bismillahi ya kuanzia. Mdomo ulikuwa umesahau. Alisimama pale, watu wanamsukuma kushoto na kulia, analitafuta neno ambalo mtoto wa miaka mitatu analo, na likamjia baada ya muda mrefu, kwa taabu. Aliogopa jambo hilo kuliko alivyowahi kumwogopa Mzungu. Tukamwaga kilichokuwemo ndani ya ndoo, akaukata mmea kwa mkasi wa nguo. Mzizi hakuweza kuutupa. Aliurudisha kwenye friji, na sikumlaumu, kitu ulichokilea ni chako.

Mwezi wa kwanza Mzungu alikuja, akakuta meza tupu. Alikaa alasiri nzima, mguu juu ya mguu, akaondoka. Mwezi wa pili hakuja. Bi Mdogo aliiweka sindano, akaugeukia ukuta. Alinijibu mimi, alimjibu mama yangu, hospitali aliwajibu wauguzi kwa ustaarabu wake wote. Dada yake tu ndiye asiyemjibu. Mwalimu akimlisha anakula, akimgeuza anageuka, lakini macho yake yalimpita pembeni kama mtu anayepisha mlangoni. Madaktari walikuta maradhi ya utu uzima, moyo na figo, mambo yaliyokuwepo. Mwalimu alimsomea Yasini asubuhi na jioni. Kuna siku alinivuta korido akaniuliza kama nadhani apike tena, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe kwamba wiki mbili hatunazo. Bi Mdogo alifariki asubuhi, uso ukutani. Nililia kama niliyefiwa na mama. Mwalimu alimwosha mwenyewe.

Tangu siku ya matanga alikuwa na swali moja. Hakuliuliza hivyo lilivyo, alilizunguka. Aliwauliza wanawake waliokuja kutoa pole kama marehemu aliwahi kuwaambia lolote kuhusu yeye. Alimwuliza mama yangu kama mtu aliyekasirika huweza kula kwa mkono wa aliyemkasirisha. Alikuwa amemnyima mdogo wake kitu ili aiokoe roho yake mwenyewe, na hakujua kama mdogo wake amekufa na hasira naye. Watu walimpa majibu mazuri ya matangani. Yeye alikuwa hakubali jawabu la mtu ambaye hakuona.

Mwaka huu, joto limeshapamba moto, alinipigia simu kazini. Alinitaka nifike baada ya alasiri, peke yangu. Nilipofunguliwa mlango harufu ilinipokea kabla yake. Mmea ulikuwa umerudi darini, majani mabichi, feni imeshazungukwa. Katikati ya chumba kulikuwa na meza, kitambaa cheupe, kiti, na glasi imejazwa, povu bado linashuka. Alikuwa amekonda, abaya imemning'inia mabegani. Alinieleza kwa utulivu, vile alivyokuwa akieleza hatua za kazi ubaoni. Alikuwa amepika, mdomo umejaa maji. Alikuwa amemwita Mzungu. Alikaa kitini mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, akasubiri. Jaribio alilirudia, na jawabu ni lile lile.

"Hanitaki," alisema. "Toka mwanzo hakunitaka. Lakini wewe amekuzoea."

Nilikasirika. Nilimwambia nna watoto wawili, nilimwambia mimi si damu yao, nilimwambia yeye ndiye aliyenifundisha kusoma karatasi ya dawa mpaka mwisho. Alinisikiliza yote.

"Sikuombi unywe, mwanangu. Nakuomba ukae tu. Mzungu ndiye aliyekuwa na mdogo wangu mpaka mwisho. Yeye anajua."

Ningeweza kuondoka. Mlango ulikuwa nyuma yangu na haukufungwa. Lakini nilimtazama, na hasira ikanitoka yote, ikabaki huruma, na katika huruma nikapata hila. Nitakaa. Nitanyoosha mgongo kama nilivyokuwa nikimwona Bi Mdogo anavyonyoosha, nitasema, "Amekusamehe," kwa sauti isiyo na upole, na mwanamke huyu atalala usingizi. Uongo wa kumponya mtu hauna uzito. Nikakaa.

Kiti kilikuwa baridi. Kiyoyozi kilinguruma. Mwalimu alisimama pembeni, mikono mbele. Nilisubiri kiasi ambacho nilidhani kitaleta maana, nikitazama povu la glasi likifungua matundu yake moja moja, nikakunja mguu juu ya mguu, nikafungua mdomo kusema lile nililoliandaa. Nilimwita Mwalimu kwa jina. Si jina lake la skuli wala la pasi. Lilikuwa jina dogo la kitoto, la kuchezea, ambalo silitaji hapa kwa sababu si langu. Halafu nikasema, "Hakuwa na hasira. Alikuwa na kiu tu."

Mwalimu aliishika meza. Aliinama mpaka paji la uso likagusa kitambaa, na akakaa hivyo, mabega yanapanda na kushuka. Nilisimama nikamshika. Glasi ilikuwa pale pale, imejaa. Nilijiambia nimebadilisha maneno dakika ya mwisho, ulimi huchagua, na hilo jina bila shaka nililisikia zamani upande wa pili wa ukuta nikiwa mtoto, likakaa. Alipoinua uso ulikuwa umelowa na umetulia, na macho yake yalikuwa yale ya maabara.

"Nambie kweli," alisema. "Ulikuwa wewe?"

Nilijua jawabu moja tu linaloweza kumwacha na alichokipata. Nikamtazama machoni, nikamwambia si mimi. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama alivyokuwa akifanya msichana akipatia, akanibusu mkono, mimi, mwanafunzi wake, na akaichukua glasi kwenda kuimwaga.

Nilipitia kwetu kabla ya kurudi Khuwair. Mama alikuwa jikoni anachagua mchele. Nikakaa naye, nikachagua mchele na mimi, na baadaye nikamwuliza, kama mtu anayepitisha wakati, kama Bi Mdogo alikuwa akimwita dada yake kwa jina lile, nikalitamka. Mama yangu aliyekaa ukuta mmoja na watu wale tangu nyumba zote mbili ni mawe matupu, aliyewasikia wakipiga chafya, aliinua uso kutoka kwenye sinia.

"Ndo nani huyo?" akaniuliza.

Nikamwambia si mtu, nimechanganya. Nikamsogezea sinia. Nilikuwa nimemwambia Mwalimu kweli, na mimi ndiye niliyekuwa sijui.